Mama Natalina na Mwanamke wa Tumbo la Njano

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Mama Natalina Kiden anastaafu baada ya miaka kumi na minane katika nyumba yetu ya mnada hapa mtaa wa Hai Cinema. Wasifu huu nimepewa mimi kwa sababu ndimi ninayeandika kadi za mnada kila Jumamosi, kwa Kiswahili na Kiingereza. Pia kwa sababu siwezi kusimama mbele ya watu nikahutubia. Wakubwa wanajua.

Aliajiriwa mwaka 2007, alipotoka kambi ya wakimbizi ya Adjumani, Uganda, enzi ambazo nyumba hii iliuza madawati na jenereta kuukuu za mashirika. Picha zilikuja baadaye. Kazi yake ilikuwa moja: kushika. Kitu kinachonadiwa anakiinua yeye, kimya, mpaka nyundo igonge. Jenereta aliziwekea mkono tu. Siku moja dalali wetu, Bwana Alfayo, alinadi kimakosa kiti alichokuwa amekalia Mama mwenyewe. Mtu akakinunua. Mama alisimama, akakifuta vumbi, akakikabidhi.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusema neno katikati ya mnada. Alisema mara moja, tarehe 15 mwezi huu, na kosa lilikuwa langu.

Siku hiyo tulinadi picha ya rangi ya mtindo wa kisasa: mwanamke ameketi, uso hauna macho, mikono inapita magoti, tumbo la njano, kisigino kimoja kimeinuka. Ilichorwa kambini Uganda na mtu ambaye hakuweka sahihi. Kwenye kadi niliandika: "Mwanamke asiyejulikana, akingoja." Sikumuuliza yeyote. Nakiri nilidhani mwanamke aliyechorwa kambini lazima anangoja kitu. Nililipenda hata neno lenyewe.

Kadi yetu hubandikwa nyuma ya fremu na kwenda na picha moja kwa moja. Ikibadilishwa, bei zote zilizotajwa zinafutwa. Bei ilikuwa imefika pazuri, dada Kawira wa benki akiongoza, Alfayo ameshainua nyundo, ndipo Mama akasema, "Bado."

"Mama, kazi yako ni kushika!" Alfayo akacheka, na ukumbi ukacheka naye.

"Nashika. Lakini huyu hapana ngoja mtu. Huyu ni Suzan, mama mdogo yangu. Iko nashona."

"Cherehani iko wapi sasa?" Dancan, mlinzi wetu, akauliza kutoka mlangoni.

"Angalia mguu, we Dancan! Hata kanisani alikuwa nakanyaga cherehani."

Tukaangalia. Kisigino kilikuwa juu, vidole vimekaza chini. Alfayo akamsihi waimalize tu, jina litaandikwa baadaye. Mama akaigeuza picha ikatazama ukuta. Kwetu, picha inayotazama ukuta haiuzwi, hata akija nani.

"Kadi hii aliandika nani?" Alfayo akauliza. Niliinua mkono, naye, kwa mazoea, akanihesabu kama mnunuzi. Nilitamani sakafu inimeze.

Niliandika upya, Mama akinitajia: "Suzan Poni wa Kajo Keji, fundi wa nguo, akishona." Alinitaka nimsomee kwa sauti, kwa lugha zote mbili. Nikasoma. Akasema "kalas", yaani basi, imetosha, akaigeuza picha, akaiinua tena. Mnada ukaanza chini kabisa. Wanunuzi wawili walikuwa wameshaondoka. Kawira aliipata kwa bei ndogo kuliko ile ya kwanza, na Alfayo hakufurahi mpaka jioni. Mama aliishika mpaka nyundo ikagonga.

Nilimuuliza kwa nini hakusema mapema, na picha ilikaa stoo yetu mwaka mzima, akiipangusa kila wiki. "Nani aliniuliza?" akasema, akaendelea kukunja kitambaa chake.

Mama Natalina, wafanyakazi wote wanakushukuru kwa mikono ambayo haikuangusha kitu hata kimoja. Mimi nakushukuru kwa ile "bado". Upumzike vizuri nyumbani kwako New Site, ulale mpaka jua likuchoshe, na goti lako lipone. Ila Jumamosi usifunge mlango. Stoo kuna picha tisa za watu nisiowajua, na nitakuja nazo, moja moja, kabla sijaandika lolote.