Mzee Akonaay na Injini ya Gari Iliyoturusha

Tarehe 30 Juni 1996, baada ya miaka ishirini na miwili karakanani, Mzee Akonaay Qamara, Fundi Mkuu wa shamba letu la ngano, anavua ovaroli na kurudi kwao Mbulu. Kamati ya kumuaga imeniomba mimi, Sebastiani Bura, rubani wa shamba, niandike habari zake. Wapo wanaoandika vizuri zaidi, lakini hakuna aliyeogopeshwa naye kama mimi.

Alianza mwaka 1974 kama msaidizi wa fundi, akapanda hadi kuwa mkuu wa kombaini zote, mashine zetu za kuvunia. Kombaini ikigoma kule mashambani Balangdalalu, alijua ugonjwa wake kwa kusikiliza tu, kabla hajashuka kwenye trekta. Sharti lake lilikuwa moja, halikuchagua mkubwa wala mdogo: aliyefunga injini ndiye anayepanda safari ya kwanza. Vijana walinung'unika, lakini bolti zilikazwa. Kitu pekee alichokikwepa ni kupanda mahali pa juu. Hata nyumba yake iliezekwa na shemeji zake, yeye akiwapa misumari kutoka chini.

Mwaka 1984 kwelea kwelea, wale ndege wadogo walao nafaka, walitumalizia ngano tukiwa tunasubiri eropleni ya kunyunyizia dawa kutoka Arusha. Mwaka uliofuata tukaamua kujiundia ndege ndogo ya viti viwili, ya mbao na turubai, ya kuwatafuta mapema wanakolala. Mwili niliunda mimi kwa kufuata michoro. Injini ya ndege haikupatikana, maana fedha za kigeni zilikuwa hadithi. Meneja akapendekeza injini ya pampu ya maji. Mzee Akonaay akasema hiyo ni nzito, itatuchimbia kisima. Akachagua injini ya Volkswagen iliyopinduka mlimani Mogitu. Ilikuwa nyepesi, inapozwa kwa hewa, na sauti yake aliifahamu. Mimi nilichofahamu ni kwamba lile gari lilipinduka.

Akafunga mkia wa ndege kwa mnyororo kwenye trekta, akaamuru injini ingurume saa hamsini. Saa ya arobaini na moja ilizimika ghafla, nami nimekaa kitini nikijizoeza. Nilikuwa chini, salama kabisa, lakini nilishika usukani kana kwamba tunaanguka.

Alitafuta sababu siku mbili. Kosa lilikuwa la karakana nzima. Wakati wa mavuno kila kifuniko cha tangi hufungwa kitambaa ili makapi yasiingie, na kombaini zetu huvumilia. Mmoja wetu, kwa mazoea, alifunga kitambaa hata kwenye tangi la ndege, akaziba tundu la hewa, petroli ikagoma kushuka. Mzee alikifungua, akakitia mfukoni, akaanza kuhesabu saa hamsini upya. Zilipotimia, akasema iko tayari. Sikuamini. Je, kama sababu si kitambaa peke yake? Usiku nilikesha nikijigeuzageuza kitandani. Mke wangu Genoveva, mjamzito wa miezi saba, alidhani nina malaria.

Asubuhi ya kuruka nilimsihi Mzee abaki, maana uzito wake ungetupunguzia nguvu. Alipanda kiti cha nyuma, akafunga mkanda, akafumba macho kabla hata hatujasogea. Tuliruka dakika kumi na mbili, nami niliisikiliza ile injini kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa amekishika kile kitambaa kwa mikono miwili. Tulipotua alikagua plagi kwanza, ndipo akatapika.

Ndege ile imetutumikia misimu kumi, na kwelea kwelea hawakutukuta tena tumelala. Wote tulisema Mzee alipanda kwa sababu aliiamini injini yake. Miaka yote hiyo nimeirusha kwa imani hiyo. Mwezi uliopita nikamwuliza, akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Kuamini? Niliogopa kuliko wewe. Lakini ingeanguka na wewe peke yako, ningekwenda kumwambia nini Genoveva?"

Genoveva amesoma hadi hapo, akaweka karatasi chini. Anakuamkia shikamoo, Mzee. Sisi sote tunakushukuru, na tunakuombea wewe na mkeo, Mama Verediana, miaka mingi ya amani huko Mbulu, miguu yako ikiwa ardhini.