Mashine Nane Juu ya Managu

Risala ya Kikundi cha Wakulima wa Bwawani, Silanga, Kibera, kwa Daktari Musimbi, Mkurugenzi wa Mradi wa Sahani na Hatua, siku ya kufunguliwa kwa uwanja wa mazoezi

Mgeni rasmi, mashine nane za mazoezi ulizokuja kutufungulia leo zimesimama juu ya mboga zetu. Hatusemi kwa mafumbo. Chini ya ile yenye pedali mbili palikuwa na managu, ambayo wengine huita mnavu. Chini ya ile ya kunyoosha mgongo palikuwa na kunde. Hapo ulipowekewa kiti chenye kitambaa cheupe palikuwa na sukuma wiki ya Mama Mbula, mistari kumi na miwili. Trekta la mradi wako lilizigeuza mwezi wa Agosti mwaka jana, ili sisi tufundishwe kula mboga.

KARIBU

Karibu hata hivyo. Mgeni ni mgeni, hata akikaa juu ya shamba lako. Karibuni na nyinyi nyote mliokuja na magari sita kwenye mkutano wa kuhimiza watu watembee.

Anayesoma ni Ndululu, katibu wa kikundi. Tunao vijana wawili wenye diploma, lakini wamekataa kuishika karatasi hii kwa sababu bado wanangoja kuandikwa kazi na mradi. Mimi niliachia shule darasa la sita. Sina ninachongoja.

TULIKOTOKA

Kikundi kilianza mwaka wa 1996 na watu saba, wengine kutoka Kitui na Machakos, wengine kutoka upande wa ziwa. Bwawa lilikuwa limejaa magugu maji na ukingo wake ulikuwa jaa. Tulizoa taka kwa mikono, tukachimba kisima, tukapanda. Kufikia mwaka jana tulikuwa familia thelathini na tatu. Sheria ilikuwa moja: anayenyunyizia mboga maji ya mtaro anatoka. Tumeshatoa wawili, na mmoja alikuwa shemeji ya mwenyekiti.

Mashina bora ya managu hatukuyachuma. Tuliyaacha yazae, kisha mwenzetu Kalekye akakamua matunda, akachanganya mbegu na majivu, akazianika. Kila msimu alimpimia kila mtu kwa kifuniko cha chupa. Mbegu ya managu hatujawahi kununua dukani.

Sasa tuseme jambo linalotuaibisha, kwa sababu msipolisikia kwetu mtalisoma kwenye mafaili yenu. Hapa kwetu mtu akija na fomu, unakuwa maskini kabla hajatoa kalamu. Tulifunzwa hivyo na miradi iliyotangulia. Aliyesema ana neti hakupewa neti. Aliyesema ana jiko hakupewa jiko, na jirani yake aliyeficha lake chini ya kitanda akapata la pili. Kwa hiyo tuliposikia mradi wa chakula unakuja, tulikaa kikao na kupitisha neno moja: hatuna.

Akaja Mitchelle, afisa wenu, msichana mpole mwenye tableti. Alimkuta Mama Mbula matope yamempanda hadi viwikoni.

"Mathe, kwa wiki unakula mboga mara ngapi?"

"Mboga? Hizo ni za wenye nazo, mrembo wangu."

Akamgeukia Obonyo, ambaye hubeba saruji kwenye mjengo mpaka ghorofa ya nne.

"Na mazoezi, mzee?"

"Mazoezi iko wapi, madam? Sisi hukaa tu."

"Na hii shamba ni ya nani?"

Hapo tuliogopa kuulizwa karatasi za ardhi. Obonyo akajibu kwa niaba yetu sote. "Haina mwenyewe. Hizo ni magugu imejiotea." Akatia sahihi kwa kidole.

Ulikuwa uongo wa kijinga. Lakini Daktari, mtu wenu alikuwa amesimama katikati ya mistari! Nani amewahi kuona magugu yamejipanga kwa kamba? Nani amewahi kuona magugu yamejitafutia samadi, kunde zikajichomekea vijiti vya kupandia? Mtoto wa chekechea angetuambia, "Mnanidanganya." Mitchelle aliandika. Wakubwa wake wakasoma, nao hawakushuka hapa hata siku moja kutazama. Ripoti ikasema wakazi wa Silanga hawali mboga, hawasogezi miili, na wana ardhi tupu yenye magugu.

Trekta lilipoingia tulikimbia ofisini kwenu. Afisa alitufungulia ukurasa.

"Hii si kidole yako, mzee?"

"Ni yangu," Obonyo akasema.

"Basi ni nyinyi mlisema ni magugu."

MAFANIKIO

Maafisa wako walituagiza tuandike mafanikio yasiyopungua matatu. Haya hapa.

La kwanza, nguo zinakauka. Mashine ya tatu hubeba blanketi mbili zilizoloa bila kuinama. Valentine, ambaye mlango wake unatazamana nayo, anasema hajawahi kuwa na kamba imara namna hii, na anaomba msiiondoe.

La pili, bangili za kuhesabu hatua. Tuliambiwa mwenye afya hutembea hatua elfu kumi kwa siku. Mwenzetu Collins huenda Industrial Area kwa miguu kila asubuhi na kurudi jioni, kwa kuwa akipanda gari nauli inameza mshahara, anakuwa anafanyia kazi gari. Siku ya kwanza alirudi na hatua elfu thelathini na moja. Afisa akaitikisa bangili.

"Hii imeharibika, bro."

"Haijaharibika, boss. Ni mimi nimeharibika."

Akanyang'anywa. Bangili ikapewa mwenye duka hapo juu, anayekaa kutwa nyuma ya kaunta. Alipoanza kwenda chooni mara mbili zaidi kwa siku, mlimpa cheti cha maendeleo. Tunampongeza.

La tatu, somo la upishi. Alikuja mpishi na kofia ndefu, akawafundisha kina mama arobaini kupika brokoli kwa mvuke katika sufuria yenye mfuniko wa kioo. Mama Amolo akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hii kitu inakuzwa wapi?"

"Naivasha, mama."

"Na mahali umesimama, unajua palikuwa na nini?"

Mpishi akatazama viatu vyake, akasema muda umekwisha.

SHIDA

Sukuma tunayonunua sasa inalala njiani siku mbili, na fungu limepungua mpaka linaingia kwenye kiganja cha mtoto. Watu wazima wamehamia kwenye mandazi na chipsi, maana hizo hazihitaji makaa wala subira. Langoni mmetundika bango lenye picha ya sahani, nusu yake mboga za kijani. Tumeitazama sana hiyo picha. Ni managu. Chini yake imeandikwa: "Panda mboga zako nyumbani." Nyumba zetu ni futi kumi kwa kumi, Daktari. Mlitupa gunia moja la udongo kwa kila familia, na wenye plot, wanaotupangisha, wakatuamuru tuyaondoe kwa sababu yanaziba njia ya kwenda chooni. Na kweli yanaziba.

Shida nyingine inaitwa Awamu ya Pili. Kipande kilichobaki, kuanzia kisimani hadi daraja la mbao, kimeshapigiliwa vigingi vyenye rangi nyekundu. Tumeambiwa patajengwa jumba la mafunzo ya lishe na maegesho ya magari ya wakufunzi. Trekta linakuja Jumatatu. Leo ni Ijumaa. Katika kipande hicho familia zote thelathini na tatu zinagawana yaliyobaki, matuta mawili mawili, na wengine moja.

Kalekye ana ugonjwa wa sukari. Daktari wa kliniki alimwambia ugali kidogo, managu na terere kwa wingi, na kwa miaka tisa sukari yake ilitulia kwa mboga za mikono yake. Siku ya trekta alifuata nyuma ya magurudumu akiokota matunda ya managu kwenye udongo uliopinduliwa, kwa sababu mashina ya mbegu yalikuwa yamebakiza wiki moja kukomaa. Tulimpigia kelele atoke.

"Mama Kalekye, toka hapo! Hiyo dereva hakuoni!"

"Mbegu haingoji! Njooni mniokotee, mnapiga kelele za nini?"

Wafungaji wa ua walikuwa wameacha vipande vya seng'enge chini. Mwenye sukari miguu yake haisikii vizuri. Alijua amechomwa pale ndala ilipoanza kuteleza kwa damu. Alipata mbegu za kujaza kikombe kimoja, na kidonda ambacho hakikufunga.

Kikombe hicho anacho hapa leo, ameketi mstari wa pili. Mbegu ya managu ikikaa sana inachoka. Tukipanda mvua hii, mwakani kila familia itapata kifuniko chake. Trekta likipita Jumatatu, hatuna pa kuzimwaga, na mbegu tuliyoitunza tangu 1996 itakuwa imekwisha. Hatuwezi kuirudisha kwa semina.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Kabla hujakata utepe, ng'oa vigingi vile. Viko hatua mia moja na ishirini kutoka kitini pako, tumezihesabu bila bangili. Tunaomba useme kwenye maikrofoni hii, mbele ya chifu na mbele ya watu, kwamba Awamu ya Pili haitakanyaga kipande kile. Usituahidi kwenye hema, baada ya soda. Yanayosemwa kwenye hema tunayajua.

Mashine zibaki. Hatuzitaki, lakini tuta likishashindiliwa kokoto na saruji halirudi kuwa tuta.

Tumesikia pia kwamba baada ya hapa mnaelekea Kawangware. Ndugu zetu wa huko wametupigia simu kutuuliza wajibu nini fomu zikifika. Tumewaambia waseme wanacho kile walicho nacho, na waandike majina yao kwenye kila shina. Nanyi tunawaomba mtume mtu anayejua tofauti ya kunde na nyasi. Hamhitaji kwenda mbali kumtafuta. Mama Mbula yuko hapa, na hana kazi tangu Agosti.

Mungu akuzidishie afya, Daktari Musimbi, akulindie macho na magoti, na akujalie kula jioni ya leo mboga iliyochumwa leo. Ni sisi, Kikundi cha Wakulima wa Bwawani, Silanga.

Tunaomba makofi yangoje kidogo. Wenzangu wameniagiza nisome hesabu ya yaliyokwenda, kwa kuwa kwenye ripoti yenu haipo.

Matuta ya mboga, mia moja na hamsini na tisa kati ya mia mbili na kumi.

Mashina ya managu yaliyotengwa kwa mbegu, themanini. Yaliyopona, hakuna.

Mipapai iliyokuwa inazaa, sita.

Wanachama waliokata tamaa wakarudi kwao mashambani, wanne; familia zao wameziacha hapa.

Wanaokwenda kliniki ya presha na sukari, walikuwa watano, sasa ni kumi na mmoja.

Siku ambazo Kalekye alilazwa, arobaini na tatu.

Vidole vya mguu wake wa kulia vilivyokatwa, viwili: dole gumba na kinachofuata.