Mzee Penseli na Daraja la Baba Yake

(Wasifu wa marehemu, umesimuliwa na dada yake mkubwa, ukaandikwa na kusomwa na mpwa wake)

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Penseli, alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, mtoto wa pili na wa mwisho wa wazazi wake. Siku hiyo mvua ilinyesha hadi mkunga akafika mlangoni akielea ndani ya beseni la kufulia, akipiga kasia kwa mwiko. Wanachama wa Chama cha Nasaba, waliokaa safu ya mbele na madaftari yao, wamedai shahidi wa pili wa habari hii. Mkunga amekwishafariki, na beseni lilitoboka zamani. Basi habari hiyo ibaki kwa penseli.

Baba yake alikuwa mpaka rangi. Mwezi wa Aprili 1957 aliaga nyumbani akaenda kufanya kazi kambi ya vibarua, akiwa na brashi mbili na kofia moja. Marehemu alikuwa na miaka minne, dada yake tisa. Mwezi wa Agosti akaja mtu asiyejulikana, kashika kifurushi cha nguo na brashi moja. Dada alikuwa nyuma ya mlango, mahali pake pa kawaida, akasikia yote: homa, siku tatu, hospitali ya mjini, amezikwa na wenzake tarehe 2. Mama yao hakupiga ukelele. Alikaa kitako pale pale sakafuni, akamvuta dada sikio kumtoa mafichoni, akamwambia, "Huyu mdogo asijue. Wewe utamwambia akikua."

Huyo mdogo hakujua, lakini mtoto huisoma nyumba hata kama hajui kusoma. Alimwona mama anaanika nguo kavu. Akagoma kula. Siku ya kwanza, siku ya pili, mdomo kaufunga kama kifuniko cha birika. Siku ya tatu dada akaketi mbele yake na bakuli mapajani.

"Baba anapaka rangi daraja," akamwambia. "Daraja refu, we acha tu! Akifika mwisho wa kule, huku mwanzo rangi imeshabanduka, inabidi arudi aanze upya. Ndiyo maana haji. Lakini ametuma salamu. Anauliza kama unakula."

Mtoto akafikiri. "Rangi gani?"

"Ya kijani."

Akala bakuli zima, akaomba la pili.

Mwaka 1959 mama yao aliwahamishia mji huu, akapata kazi ya kufua mashuka hospitalini. Watu walisema amefuata kazi. Dada peke yake ndiye aliyejua alichofuata. Alichukuliwa mara moja hadi makaburi ya vibarua, nyuma ya karakana, kwenye mstari wa saba, penye kibao cha chuma kisicho na jina ila namba. Mama alimshika kidole akamwandikisha namba ile mavumbini, mara ishirini, mpaka ikakaa kichwani. "Nikifa mimi," alisema, "awepo anayejua njia." Hiyo ndiyo shule pekee aliyosoma dada. Nyumba ilikuwa na uwezo wa sare moja tu, na sare akapewa yule mwenye maswali mengi.

Na kweli maswali alikuwa nayo. Alisoma shule ya msingi 1960 hadi 1967, na sekondari 1968 hadi 1971. Darasa la tano mwalimu aliwataka waandike insha juu ya kazi ya baba. Wenzake waliandika mistari kumi. Yeye aliandika kurasa nne za daraja la kijani, na upepo wa huko juu, na jinsi baba anavyojifunga kamba kiunoni. Akawa wa kwanza. Zawadi ilikuwa penseli, nayo ni ya kijani. Aliiweka nyuma ya sikio, na tangu siku hiyo sikio lile halikuwahi kukaa tupu. Dada alisomewa insha ile yote huku akichambua mchele, akajisemea, atamwambia mwaka ujao.

Mwaka 1972 marehemu aliajiriwa posta, akakaa huko miaka thelathini na sita, mingi kati ya hiyo kwenye meza ya barua zisizofika. Barua iliyokosa anwani, iliyolowa, iliyoandikiwa mtu aliyehama, zote kwake. Iko barua moja iliyoandikwa juu ya bahasha, "Kwa mama mnene anayecheka, karibu na kisima." Marehemu aliipokea Jumatatu. Jumatano mama huyo alikuwa anaisoma, na anacheka. Kwa muda wake mwenyewe marehemu aliandikia ofisi za ujenzi kila mahali alipopata kusikia kuna daraja. Majibu yalikuja kwa adabu sana: hatuna mpaka rangi wa jina hilo. Aliyahifadhi yote kwenye boksi la viatu.

Jumamosi tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa mkunga wa zahanati, aliye hapa mbele yetu leo. Siku ya harusi bwana harusi aliweka kiti kitupu kando ya mama yake.

"Cha nani hicho?" bibi harusi akauliza.

"Cha baba. Pengine daraja limekwisha."

Mjomba mmoja, mtu wa kilo za kutosha, alichelewa akaja akakikalia, na vijana wanne wakamwinua na sahani yake mkononi. Watu walicheka hadi machozi. Dada alikuwa kiti cha nyuma, naye alitoa machozi, na kwa kuwa wote walikuwa wanacheka hakuna aliyemuuliza. Mama yao alifariki mwaka 1981. Neno lake la mwisho kwa dada lilikuwa swali: "Amekua?" Alikuwa amekua. Alikuwa na mke, mtoto, na kitambi kinachoanza. Lakini lile neno lilikuwa limekaa muda mrefu mno mdomoni, na kila mwaka linazidi unene, halipiti tena.

Marehemu alistaafu 2008. Mwaka uliofuata, yeye, fundi cherehani na mwalimu mstaafu wa hesabu walianzisha Chama cha Nasaba, kikikutana kila Jumamosi saa tisa alasiri dukani kwa fundi, juu ya meza ya kukatia nguo. Miti ya ukoo iliandikwa kwenye karatasi ya fundi ya kuchorea mitindo, ndiyo maana ukoo wa mwalimu una mikono ya shati. Walikwenda kwa wazee kuwarekodi. Walifanya siku ya picha za zamani maktaba, mtu analeta picha asiyoijua, mwingine anapiga kelele, "Huyu si babu yangu!" Waligundua wachumba wawili kuwa ni watoto wa ndugu, wiki tatu kabla ya harusi, na mama wa binti hajawaamkia mpaka leo. Yuko pale, amevaa bluu. Mama, karibu, leo tusameheane.

Kanuni za chama aliziandika marehemu. Ya kwanza: kila habari iandikwe kwa penseli, haipati wino mpaka wapatikane mashahidi wawili wasioishi nyumba moja. Ya tisa: shahidi aliye hai aulizwe mara moja tu, hasukumwi. Kwa mti wake mwenyewe alimuuliza dada habari za baba. Dada akasema daraja. Akasafiri kwa shangazi yao, mbali, akamuuliza. Shangazi, aliyekuwa na miaka themanini na saba, akasema daraja, la kijani, tena akaongeza taa. Mashahidi wawili, nyumba mbali mbali. Ikaandikwa kwa wino. Hakuna mwanachama aliyefikiri kuuliza shangazi kaisikia kwa nani. Mwalimu wa hesabu tu ndiye aliyekaa pembeni akapiga hesabu, akasema, "Mzee mwenzangu, kwa mwendo huo wa brashi, hili daraja linaizunguka dunia na kujikanyaga mkia."

"Basi ni zuri," marehemu akajibu.

Mwaka 2019 chama kilianza kazi yake kubwa, kunakili makaburi ya vibarua. Vibao mia tatu na arobaini, vyote namba, vimeliwa na kutu. Waligawana mistari kwa kura, na marehemu akapata wa saba. Alivisafisha kwa mswaki, kimoja kimoja, akiwa amepiga magoti juu ya gunia. Dada alikuwa anawapelekea chai. Alimwona mdogo wake amemwinamia baba yake, anampulizia vumbi, anaandika kwa penseli, "Hajulikani." Akamimina chai nje ya kikombe. Akasema jua kali. Akarudi nyumbani.

Mwaka 2021 wakapata kitabu cha kambi kwenye stoo ya hospitali ya zamani, ndani ya chumba kilichokuwa cha kufulia. Namba, jina, kazi, tarehe. Marehemu alikuwa anasoma, fundi anaandika. Mia moja na kumi na saba, akasoma. Kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Mia moja na kumi na tisa." Fundi aliona. Anasema alinyamaza kwa sababu shahidi hasukumwi.

Figo za marehemu zilianza kumsumbua Februari 2023. Alitibiwa kwa uvumilivu, na hospitalini alijua nasaba ya kila muuguzi kabla muuguzi hajajua ugonjwa wake. Mei 2024 aliomba arudishwe nyumbani. Jumapili tarehe 9 Juni, mchana, dada alimwomba wifi yake atoke kidogo, akavuta kiti.

"We Penseli."

"Naam, dada."

"Lile daraja."

"Limefanyaje?"

"Halipo."

Marehemu akatazama dari. "Limebomoka lini?"

"Halikujengwa, mdogo wangu. Nililijenga mimi, na bakuli mkononi. Baba alikufa mwaka ule ule, mwezi wa nane. Yuko kwa vibarua, mstari wa saba."

"Namba?"

"Mia moja na kumi na nane."

Akafumba macho. Dada akadhani amemuua. Kumbe anacheka, mabega yanatikisika, mpaka ikabidi ashikwe asianguke.

"Nimekusubiri miaka mitatu," akasema. "Kitabu ni shahidi mmoja. Nilikuwa nataka wa pili."

"Sasa si ungeniuliza, mjinga wewe!"

"Nilishakuuliza mara moja. Kanuni ya tisa."

"Kanuni ya tisa umeitunga mwenyewe."

"Ndiyo maana naiheshimu."

Dada akakunja upindo wa kanga, akaukunjua. "Ulinikasirikia?"

"Wiki mbili. Hukuona nilivyoacha kuja kula kwako?"

"Ulisema jino linakuuma."

"Dada, meno yangu yote ya bandia."

Wakacheka tena, halafu hawakucheka. Dada akamwomba radhi, ya miaka sitini na saba, na hakuipamba. Marehemu akamshika mkono. "Umenichelewesha kumlilia baba," akasema, "hilo ni kweli, na liandikwe. Lakini siku ile nilikula. Na hilo liandikwe."

Jumatatu fundi na mwalimu walileta mti wa ukoo, wakautandika juu ya kitanda kama shuka. Kwenye kisanduku cha baba, marehemu aliandika tarehe kwa mkono wake, kwa wino: 2 Agosti 1957. Ilimchukua dakika kumi na mbili, mwalimu alihesabu. Neno daraja hakulikata. Alitoa penseli sikioni akalizungushia duara, akaandika pembeni, "Si kweli. Lisifutwe."

Fundi akatoa kidau cha wino, maana kanuni inataka shahidi aweke sahihi, na dada maisha yake yote ametia dole gumba. Dada akakisukuma kando. Akaomba kalamu. Akaishika kama mwiko, akainama, akaandika kitu pekee anachojua kuandika duniani: 118. Marehemu aliisoma, akaisoma tena. Hakujua kwamba dada yake anajua kuandika. "Nani alikufundisha?" akauliza. "Mama," akajibu, "pale pale alipo baba." Hapo ndipo marehemu alipolia, kilio cha mtoto wa miaka minne, na mkewe akaja akampakata.

Alifariki siku iliyofuata, Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, usingizini, penseli ikiwa mahali pake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, wanachama ishirini na sita wa Chama cha Nasaba, na boksi la viatu lenye barua ambalo halitatupwa. Kwa ruhusa iliyopatikana, analazwa mwisho wa mstari wa saba, hatua kumi na moja kutoka kwa baba yake. Hatua hizo zimepigwa na dada, na zimehakikiwa na mwalimu, basi zimeandikwa kwa wino. Kwenye shughuli ya leo hakukuwekwa kiti kitupu. Hakihitajiki tena.

Dada ameniagiza nimalizie kwa maneno yake: Pumzika, mdogo wangu. Baba anauliza kama unakula. Leo nenda ukamjibu mwenyewe.