Chai ya Gesi ya Choo

Basi halijafika hata kituo cha pili, fundi cherehani alikuwa ameshapandisha sauti. Alikuwa akimwambia mama aliyeketi kando yake, ambaye hata hamjui, kwamba mwanawe hatakula tena shuleni.

"Shule zote za wilaya zimeacha kuni, mama. Eti sasa wanapikia gesi ya choo! Wanatuona wajinga?"

"Uchafu unaozea shimoni huko, baba. Jikoni inafika gesi tu, kwa bomba. Haina moshi wala harufu."

"Ikose harufu?" Fundi alikunja pua, utadhani bomba lenyewe limepita chini ya kiti chake. "Mimi ningeijua kwa mbali."

"Kwani kwenye kikao cha wazazi juzi hukunywa chai?"

"Nilikunywa. Chai tamu, mpaka nikaongeza..." Abiria wa nyuma akajikohoza kuficha kicheko.

"Kikombe cha pili ulikifuata mwenyewe dirisha la jikoni," mama alisema. "Aliyekumiminia ni mimi."

Fundi alimkazia macho. "Wewe ndiye mpishi? Wanangu watatu wamepita pale, mbona sikujui?"

"Ungenijulia wapi? Miaka yote ukichungulia jikoni ulikuwa unaona moshi."

"Hata hivyo," fundi alisema akiinuka, kwa maana basi lilikuwa linasimama, "choo ni choo."

"Sawa, baba. Ijumaa kuna kikao kingine."

Fundi alishuka, akapiga hatua mbili, kisha akarudi mpaka kwenye dirisha la mama.

"Sukari usizidishe," alisema.