Hospitali Haikuhama

Benchi la kwenye kona ya fundi saa liliundwa na seremala mmoja wanayemwita Msumari, kwa mabaki ya mbao za kazi za watu, kila ubao na rangi yake. Alasiri ile alirudi kulikalia kwa mara ya kwanza tangu amzike mkewe. Wenzake walijibana wakampa nafasi pana kuliko mwili wake, na mama wa kahawa akammiminia kikombe bila kuulizwa. Kisha wote wakatazama barabarani kana kwamba kuna gari la maana linakuja. Hakuna gari linalokuja pale. Barabara hiyo inaishia kwenye ukuta wa mtu.

Wa kudumu walikuwa watatu. Msumari mwenyewe, Dakika, fundi saa, ambaye kwake kunyamaza ni ugonjwa, na Gia, dereva wa basi aliyestaafu, jirani wa Msumari, ukuta kwa ukuta. Walijaribu kuongelea mvua. Mvua ikaisha maneno. Dakika akashindwa kujizuia, akaingia kwenye habari za njia.

Alianza taratibu. Alidai wapima viwanja hulipwa kwa kona, ndiyo maana mtaa mzima umepinda kama utumbo. Gia akasema si wapimaji, ni wauza mafuta ya magari. Wanataka mtu akienda kununua chumvi azunguke nusu ya mji. Mama wa kahawa naye akachomekea kwamba kuta zenyewe zinazaana, maana yeye huamka asubuhi akakuta mpya.

— Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, akasema Dakika. Basi mji huu hauna mwongo hata mmoja. Nionyesheni njia fupi.

Walicheka kidogo, wakimtazama Msumari kwa pembe ya jicho. Msumari alikuwa ameshika kikombe tu. Yeye mawazo yake yalikuwa kwenye kijia.

Alipohamia huku na mkewe, nyumba zilikuwa za kuhesabika na kilichobaki kilikuwa mahindi. Bati la bluu la hospitali lilionekana ng'ambo ya shamba, na kijia kilikatiza katikati. Mkewe alipokuwa mjamzito alikuwa akienda kliniki kwa mguu, anarudi na kanga yake imeloa umande, anacheka. Baadaye viwanja vikauzwa. Kila aliyenunua alizungushia ukuta wake, na hakuna aliyemdhulumu mtu. Kila mmoja alijenga ndani ya mipaka yake. Kijia kikapindishwa, kikabanwa, kikawa uchochoro wa kupita kwa ubavu. Wa mwisho kukifunga alikuwa Gia, wezi walipomchosha. Siku ya kumaliza ukuta alichinja kuku, na Msumari alikula kwa furaha pamoja na wenzake, maana mwenzao alikuwa amejenga. Hospitali haikuhama, lakini kila mwaka ilizidi kuwa mbali.

Mkewe alianguka jikoni asubuhi, mdomo umeenda upande. Mtoto wao wa kike akapiga simu, gari la wagonjwa likatoka. Wakakisikia king'ora nyuma kabisa ya ukuta wa Gia, karibu kiasi kwamba mbwa walibweka. Kisha kikaenda mbali. Kikapotea. Kikarudi kwa upande mwingine, kikagota kwenye mtaa usiotoka, kikaanza tena. Msumari alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mkewe kimelala pajani mwake, akimwambia wanakuja, mama, si unawasikia? Mara ya kwanza mkewe alimminya kidole kumjibu. King'ora kiliporudi tena hakuminya.

Benchini, Dakika alikuwa ameshafika mbali.

— Mimi nawaambia, mji umefanywa hivi makusudi. Ni mtego. Hata Izraili akitumwa huku anapotea, anarudi mikono mitupu.

Aligundua alichosema kikiwa kimeshatoka. Mama wa kahawa akaweka birika chini.

— Hakupotea, akasema Msumari.

Hakuinua sauti. Dakika alishika goti lake akaomba radhi, na Msumari akaitikia kwa kichwa, maana alijua mwenzake hana ubaya, ana mdomo tu. Lakini Gia hakuweza kukaa na ukimya ule. Akaanza kujitetea bila kushtakiwa. Alieleza habari za wezi, za redio yake, za mkewe aliyekuwa halali kwa hofu.

— Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba, na ukuta nikajenga. Ningefanyaje, ndugu yangu?

Msumari alimtazama. Alitaka kumchukia, tangu mazishi alikuwa akijaribu, na kila akijaribu alimwona Gia yuleyule akiwa wa kwanza kushika jembe kaburini.

— Ungefanya vilevile, akamjibu. Na mimi ningefanya.

Hilo lilimuuma Gia kuliko tusi.

Ndipo wakatokea wanawake wawili, mmoja kijana, mpangaji mpya wa nyumba za nyuma, amemshika mkono mama mkwe wake. Mama alikuwa akipumua kwa shida, anasimama kila baada ya hatua chache. Yule binti aliwaamkia wazee kwa adabu.

— Samahani, wazee wangu. Nampeleka mama hospitali. Lile bati la bluu naliona pale, lakini kila njia ninayoingia inagota. Tunapita wapi?

Dakika akainamisha kichwa. Gia, aliyeendesha basi katika mji huu mpaka mvi zikamkuta kwenye usukani, aliinua mkono kuelekeza, akaushusha.

— Zamani mngekatiza pale, akasema Msumari.

— Na sasa, baba?

Msumari akasimama, akampisha yule mama, naye mama akaketi mahali pake, kifua kikipanda na kushuka. Gia alitoa funguo zake mfukoni akazitazama, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta. Ulikuwepo wa geti, wa mlango, wa chumbani, wa kabati. Wa ukuta haukuwepo.