Msomaji wa Kilosa: Maisha ya Donati Makarius na Barua Zake Kumi na Moja

Jamaa, watani na majirani mliofika leo hapa kijijini Ulaya, wilayani Kilosa, mnamzika mtu ambaye wengi wenu mlilijua jina lake gazetini kabla hamjauona uso wake. Huyu ni Donati Makarius, aliyekuwa akitia sahihi "Msomaji wa Kilosa" chini ya barua zake kwa mhariri. Maisha yake ni haya, bila kupunguzwa.

Donati alizaliwa hapa Ulaya tarehe 3 Februari 1924, mtoto wa pili wa Mzee Makarius na Mama Generoza, wote wawili sasa marehemu. Dada yake ni Magreti, mama wa Timotheo ambaye anawasomea maneno haya.

Alisoma shule ya misheni Kilosa tangu mwaka 1934 hadi alipomaliza darasa la sita mwaka 1940. Alipokuwa mdogo, mama yake alimtuma dukani akanunue chumvi. Mwenye duka aliifunga kwa kipande cha gazeti, kama ilivyokuwa kawaida. Njiani mtoto akaona maandishi, akafungua asome. Alifika nyumbani ana karatasi mkononi, chumvi yote imebaki barabarani. Mama Generoza hakumpiga. Alimwekea sufuria tupu mbele yake, akasema, "Haya, baba, tupikie hiyo habari." Marehemu aliisimulia hadithi hiyo mpaka mwisho, na kila mara alicheka hadi machozi yakamtoka.

Mwaka 1942 aliajiriwa karani katika shamba moja la mkonge nje ya mji wa Kilosa. Kazi yake ilikuwa kuita majina ya wakataji asubuhi na kuandika mafungu waliyokata jioni. Aliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mitatu, kwanza chini ya Wazungu, kisha chini ya serikali baada ya Azimio. Hakuna mkataji aliyewahi kulalamika kwamba jina lake lilirukwa. Jambo hilo lisemwe leo, kwa sababu ni kweli.

Tarehe 11 Agosti 1951, katika kanisa la hapa Ulaya, alifunga ndoa na Fausta binti Tomasi. Fausta alikuwa na miaka kumi na minane na hakuwahi kukanyaga darasa. Baba yake alisema mtoto wa kike shule yake ni mama yake. Siku ya harusi mtani wao Yeremia, Mgogo wa upande wa Kidete, alisimama katikati ya watu na kikombe chake cha pombe, akapaza sauti: "Donati, wewe mjanja! Umeoa asiyejua kusoma makusudi, ili siku ukimdanganya asijue!" Watu walicheka. Fausta naye alicheka, tena kuliko wote. Mungu aliwajalia watoto wanne: Teresia, Paulo, Lazaro na Ida.

Nyumba yao ilikuwa mlimani, kwenye shamba la ukoo wa mama yake Fausta. Kila Jumamosi marehemu alirudi na gazeti, na watu wakajaa barazani kusikiliza. Alisoma kwa sauti nzuri, akitua panapotakiwa. Fausta alikuwa jikoni, ng'ambo ya ukuta wa udongo. Habari ikimshinda, marehemu aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mama Teresia! Hii unaonaje?"

Mwaka 1965 alisoma kwamba Ulaya ya Wazungu wanatengeneza kamba kiwandani, si za mkonge tena. Wakataji waliokuwepo wakaguna. Kamba inatoka kwenye mmea, kiwanda kitaotesha nini? Fausta akajibu kutoka jikoni, "Kamba ya mkonge inaniozea kisimani kila masika. Hii ya nailoni niliyoiokota stesheni inaingia mwaka wa pili. Siku kila mwanamke akiipata, nyie mtakata mkonge wa kumfunga nani?" Usiku huo marehemu alimwandikia mhariri barua. Wiki tatu baadaye maneno hayo yalitoka gazetini.

Baadaye ikaja habari ya matrekta. Fausta alisema, "Trekta limelima ekari mia. Linapalilia?" Nayo ikatoka. Mwaka 1969 wakasoma kwamba watu wamefika mwezini.

"Wamekuta maji?" aliuliza Fausta.

"Hakuna hata tone," marehemu akajibu.

"Mvua je?"

"Hakuna."

"Basi hao hawajafika mwezini. Wamefika Ugogo, kwa kina Yeremia."

Yeremia alianguka kwenye mkeka kwa kicheko, akaapa atadai mbuzi wa faini ya utani. Mwaka 1971 ukaja Mwongozo wa chama, kwamba mkubwa kazini asimtukane mdogo. Wakataji walipiga makofi. Fausta alikuwa anatwanga, akasimamisha mchi. "Meneja asimtukane karani, karani asimtukane mkataji. Vizuri. Mkataji akirudi nyumbani na hasira zake, nani amekatazwa? Huo Mwongozo wenu umeishia mlangoni." Barua hiyo ndiyo iliyompa marehemu sifa kuliko zote. Wakubwa wa wilaya walimwita ofisini wamwone. Kuanzia hapo, mtu akitaka kujua dunia inakwenda wapi, aliambiwa nenda kamuulize Msomaji wa Kilosa.

Kila barua ilipochapwa, marehemu aliileta nyumbani na kumsomea mkewe. Alianza hivi kila mara: "Mke wangu Fausta, ambaye hakusoma, anasema..." Fausta alisimama na mikono yenye unga, asipumue, mpaka mwisho. Kisha alikwenda kisimani na ndoo tupu na kichwa juu. Jirani yake Hildegarda alimtania, "Tupisheni, tupisheni! Mama Gazeti anakuja, msimmwagie maji akalowa herufi!" Fausta alimjibu, "Cheka tu. Dar es Salaam nzima inanijua mimi, wewe hata Kilosa mjini hawakujui." Aliyasema hayo miaka kumi, na aliyaamini.

Mwaka 1974 watu walitakiwa kuhamia vijijini. Kwa watu wa mlimani palitajwa mahali pawili: kitako cha mlima, au bondeni kando ya mto Mkondoa, mahali panapoitwa Mgogozi. Kamati ya uhamisho ilimwomba marehemu atoe maoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa maoni. Jioni hiyo hakugonga ukuta. Fausta ndiye aliyetoka jikoni mwenyewe. "Baba Teresia, udongo wa Mgogozi ni mchanga wa mto. Bibi yangu hakupanda pale hata mtama. Mto ukiliacha shamba lake huwa umelala tu, haujaliuza." Marehemu alisema, "Nimesikia." Wiki mbili baadaye Mgogozi ilichaguliwa, kwa kuwa iko karibu na reli na lori linafika. Fausta aliuliza ilikuwaje. Marehemu akasema, "Kamati haikusikiliza." Walihama mwezi Oktoba. Mwaka uliofuata marehemu alistaafu.

Mwaka huohuo wa 1975 Fausta alifanya mtihani wa elimu ya watu wazima, akafaulu. Alisoma polepole, kidole kikitangulia.

Tarehe 9 Aprili 1976, mchana, Fausta alikuwa shambani mlimani. Ida, mwenye miaka sita, alikuwa na homa, amelala ndani, na baba yake ndiye aliyemwangalia. Mto ulikuja bila mvua kunyesha pale, mvua ilikuwa imenyesha juu. Marehemu aliona maji ya kifundoni mlangoni. Alichukua sanduku lake la magazeti, akalipeleka juu ya tuta la reli, hatua mia moja na zaidi, ili arudi kumchukua mtoto. Aliporudi maji yalimfika kifuani na ukuta wa chumba ulikuwa umelala. Alisema baadaye, na aliyasema kwa kila aliyemuuliza na asiyemuuliza, kwamba alidhani kuna muda. Ida alipatikana siku ya tatu. Alizikwa mlimani, katika ardhi ya ukoo wa mama yake.

Sanduku lilikuwa limepona, ila chini liliingia unyevu. Baada ya arobaini Fausta alizianika karatasi zile juani kwenye majani, moja moja, akaziwekea mawe. Na kwa kuwa sasa alijua kusoma, alisoma. Zilikuwa barua kumi na moja. Alitafuta maneno "Mke wangu Fausta" kwenye ya kwanza, hayakuwepo. Akatafuta kwenye ya pili. Alitafuta mpaka ya kumi, akidhani ni macho yake au ni ujinga wa mtu aliyejifunza ukubwani. Kamba yake ilikuwepo, trekta lake, mwezi wake, mchi wake. Jina lililokuwepo ni moja. Jina lake yeye lilikuwa likitoka mdomoni mwa marehemu tu, wakati anamsomea.

Barua ya kumi na moja ilikuwa ya mwaka 1974. Hiyo hakuwahi kusomewa. Ilisema kwamba wazee wa mlimani wanaogopa mto kwa hadithi za bibi zao, na kwamba Mgogozi ni mahali pazuri, pa maendeleo.

Marehemu alimkuta amekaa katikati ya karatasi. "Unafanya nini, Mama Teresia?"

"Ninasoma."

"Unasoma nini?"

"Ninajisoma."

Marehemu alishika tama. Kisha akasema, "Mhariri asingechapa maneno ya mwanamke asiyesoma." Fausta akamuuliza, "Na hii ya Mgogozi?" Akajibu, "Niliogopa kuonekana mpinzani." Fausta akamwambia, "Basi katika barua zote hizi, hii moja ndiyo yako." Miaka miwili iliyobaki walikaa nyumba moja, wakala chungu kimoja. Fausta alimtaka jambo moja tu: aseme mbele ya watu, mara moja, yale maneno yalikuwa ya nani. Marehemu alisema, "Nitasema." Hakukataa hata siku moja.

Mwezi Novemba 1977 alianza kuvimba tumbo. Alitibiwa Kilosa. Mwezi Machi mwaka huu alipelekwa Mikumi, ambako Teresia ameolewa, akalazwa hospitali. Ugonjwa ulikuwa wa ini. Macho yalikuwa hayaoni tena herufi ndogo, kwa hiyo Fausta ndiye aliyemsomea gazeti, naye akamsahihisha, "Tua hapo. Hapo pana nukta." Siku moja ilikuwepo habari ya mashine huko ng'ambo inayohesabu kazi ya makarani mia kwa saa moja. Marehemu alisikiliza, akanyoosha mkono, akagonga ukuta wa wodi kwa kifundo cha kidole. "Hii unaonaje?" Fausta alikuwa na maoni. Alikunja gazeti, akamfunika miguu.

Jumapili ya tarehe 4 Juni wageni walikuja baada ya misa, wakajaa ndani mpaka mlangoni. Yeremia alikuwepo. Kwa kuwa mtani ana ruhusa ya kusema lolote, akasema, "Msomaji! Watu wako wote hawa hapa. Unakwenda bila maoni? Toa neno la mwisho, tulipeleke gazetini." Watu wakasogea karibu. Marehemu alimtazama mkewe, muda mrefu. Fausta alikuwa ameshika birika. Alisimama bila kumimina, kwa maana alijua saa ya ile ahadi imefika. Marehemu akasema, "Maoni yangu ni kwamba mnywe chai." Watu walicheka, wakasema hajabadilika. Fausta akamimina chai.

Donati Makarius alifariki Jumamosi, tarehe 10 Juni 1978, saa nne asubuhi.

Siku chache kabla ya hapo aliomba azikwe mlimani, karibu na Ida. Lakini kwetu mtu hulala kwa ukoo wa mama yake, ndiyo maana Ida yuko kule na yeye yuko hapa Ulaya. Wazee walimuuliza mjane kama ana neno la kumwombea marehemu, maana ardhi ya mlimani ni ya ukoo wake na angeweza kufungua njia. Mjane alisema hana neno. Leo asubuhi Timotheo aliomba aya za barua ziondolewe kwenye wasifu huu, ili mjomba wake aende na heshima. Mjane akamwambia, "Mwanangu, ukiziondoa, ondoa zote, usome tarehe mbili ukae." Timotheo amesoma.

Sanduku la magazeti haliingii kaburini. Litabaki nyumbani, na wajukuu wakijua kusoma watalifungua.

Marehemu ameacha mjane, Fausta binti Tomasi. Watoto watatu, Teresia aliye Mikumi, Paulo na Lazaro walio Kilosa. Dada yake Magreti. Mpwa wake Timotheo. Na wajukuu wanne. Ametanguliwa na mtoto wake Ida.

Apumzike, maana alichoka. Amani iko mlimani kwa Ida, naye ndiye wa kumpa. Sisi tulio hapa hatunayo.

Maneno haya ni ya Fausta Tomasi, wa Mgogozi, Kilosa.
12 Juni 1978