Mashine ya Pachoxom Isihamishwe

Mgeni rasmi, Daktari Ovidio Barrientos, Mganga Mkuu wa Mkoa, karibu Pachoxom. Barabara umeiona mwenyewe, hatuna la kuongeza. Sisi ni wakunga kumi na tisa, na haya ni maneno yetu sote.

HISTORIA
Mashine ya ultrasaundi ililetwa miaka miwili iliyopita. Tusikufiche: tuliinunia. Aliyenuna kuliko wote ni mwenzetu Bibi Candelaria Tzoc. Yeye, kama alivyofundishwa na mama yake, kila mwezi unapoandama hutia punje moja ya mahindi kwenye kibuyu cha mjamzito. Akajiuliza, sasa mimi wa nini?

MAFANIKIO
Mwaka jana alimleta Eulalia, mke wa mfumaji. Nesi Edelmira akapima, akasema, "Mtoto ni wa miezi sita. Mimba bado changa, mama, rudi mwezi ujao."

"Changa wapi!" Candelaria akamrukia. "Hii ina punje nane!"

"Bibi, mashine haidanganyi."

"Nani kasema inadanganya? Imekwambia ukubwa. Umri ninao mimi, humu kibuyuni."

Nesi akapima upya, safari hii na damu inavyopita kwenye kitovu. Lo! Mtoto alikuwa amedumaa, chakula hakimfikii. Eulalia alikimbizwa hospitali siku ileile. Mtoto yu hai, ndiye huyo anayekupigia kelele hapo mbele. Tangu hapo kibuyu na mashine vinakaa meza moja, na watoto tisa waliodumaa tumboni tumewawahi. Tunajivuna, ndiyo.

CHANGAMOTO
Barua ya ofisi yako inasema mashine ihamie mjini leo, kwa gari hilohilo ulilokuja nalo, kwa kuwa wajawazito wa huku ni wachache. Mjini ni mwendo wa saa tano, mvua isiponyesha. Na Juana, binti wa Candelaria, ni mjamzito, na tumbo lake halijapanda mwezi mzima. Mama mtu hali, halali.

MAOMBI
Ombi ni moja: mashine ibaki. Tunajua nawe una wakubwa wako. Ila chumba cha mashine kimefungwa, na ufunguo anao Candelaria. Tumembembeleza, wapi! Anasema, "Nitampa daktari mwenyewe. Kwanza ampime mwanangu kwa mkono wake, ndipo aniambie anapakia nini."

Juana ameshajilaza kitandani humo ndani, mgeni rasmi. Tunakungoja wewe.

Mungu aubariki mkono wako.

Ni sisi,
Wakunga wa Pachoxom